Kitambaa Cheupe Mezani, Baba Mlangoni

Jumamosi. Kipupwe kimeingia kweli kweli, na sisi watu wa Dar mnatujua, kaupepo kidogo tu tunatafuta masweta kama tumefika Ulaya. Nimeamka anga ni ya kijivu. Mama kaniwekea vitumbua na chai ya tangawizi, nikala kimoja nusu, kilichobaki nikakizungusha tu kwenye sahani mpaka akaniambia niache kukitesa.

Leo nimefanya mtihani wa mdomo. Kwa mara ya pili.

Ngoja nieleze, maana humu kwenye blogu wanapita na wageni. Mimi ni binti wa duka la vitambaa. Babu alitoka Hadhramauti, akaja kufungua duka Kariakoo, Baba akalirithi, na nyumbani ni hapa hapa Mchafukoge, ghorofani. Nasoma fasihi ya Kihispania, lugha yenyewe, na sanaa ya Baroko. Nasoma kwa mtandao: chuo kiko Hispania, mimi niko kwenye meza ya jikoni kati ya chupa ya chai na kapu la vitunguu. Baroko, kwa asiyeijua, ni sanaa ya Ulaya ya karne ya kumi na saba. Picha zake zina giza nene na mwanga mkali unaotokea upande mmoja, kama mtu kafungua dirisha moja tu. Mashairi yake nayo ni ya mafumbo kama kanga: anayeambiwa anajua kaambiwa, wewe mpita njia unabaki unakuna kichwa.

Watu wanauliza, kwa nini Kihispania? Jibu la heshima ni kwamba lugha ile imejaa Kiarabu, na hilo ni kweli. Siku niliyomwambia Baba jinsi Wahispania wanavyoita pamba na zeituni, aliweka mkasi chini akacheka peke yake. Lakini jibu la kweli ni tamthilia. Mimi na Mama tulikuwa tunaangalia zile za Kimeksiko zilizobandikwa sauti za Kiingereza, mdomo unaenda huku, neno linaenda kule, na mimi nikawa nataka kujua mdomo ule unasema nini hasa. Nikaanza kujifunza kwenye simu. Nikakutana na shairi moja, nikalielewa nusu. Nusu nyingine ikaninyima usingizi, na hapo ndipo nilipokwisha.

Ami Salimu, jirani yetu wa dukani anayeuza mapazia, hajawahi kuniacha salama.

"Kihispania! Utamuuzia nani kanga kwa Kihispania, wachezaji mpira?"

Nacheka. Ndani naungua.

Sasa, mara ya kwanza nilianguka, na niseme nilivyoanguka, maana mpaka leo nikikumbuka nataka kujifunika shuka. Mtihani wenyewe uko hivi: unasoma shairi na kulieleza, halafu unaonyeshwa picha ambayo hujaambiwa kabla, unaieleza hapo hapo kwa Kihispania. Mimi nikafanya ninachokijua. Nimelelewa madrasa, bwana. Tangu mdogo, kitu cha maana unakihifadhi, unakaa mkekani unayumba mbele na nyuma mpaka kimeingia damuni. Kwa Kitabu cha Mungu, ndiyo njia, na sijaijutia hata siku moja. Nikaichukua njia ile ile nikaipeleka kwenye Baroko. Nikahifadhi kurasa kwa kurasa: cheupe maana yake usafi, fuvu maana yake kifo, mshumaa maana yake uhai. Mwalimu Inés, ndiye msimamizi wetu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, akaniwekea picha. Nikaanza kumwaga.

Nikawa nayumba.

Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kwenye kamera, mzima mzima. Yule mama akanikatiza kwa upole akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema, "Umenieleza vitabu vinasema nini. Wewe unaona nini?" Nikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko foleni ya Msimbazi, na mtihani ukaishia hapo.

Baba alikuwa sebuleni siku ile, alisikia yote. Hakunisema. Alisubiri siku zikapita, halafu akanijia na maneno yake machache. Kaka yangu Twaha yuko Maskati, harudi leo wala kesho. Macho ya Baba si yale ya zamani. Duka linataka mtu. "Rudia mara moja," akasema. "Ukianguka tena, basi mwanangu, unashuka dukani, tuendelee na maisha."

Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa leo. Asemaye kesho ni mwongo.

Tatizo: nyumbani hapafai. Upande wa dirisha letu wanajenga ghorofa, na ile mashine ya kuchanganya zege inaanza kunguruma mapema kabla hata ya muuza mbaazi. Jana nikamwomba Baba nifanyie mtihani stoo ya dukani. Pale nyuma kuna majora ya vitambaa mpaka dari, sauti ya nje inafika imechoka. Mtihani ulikuwa saa tatu, saa ile ile ya kufungua. Nikajua atafungua tu, itakuwa Jumamosi ya Kariakoo, wateja watapiga kelele, Ami Salimu ataingia kuazima mita, na mimi nitavumilia. Baba alinijibu neno moja.

"Haya."

Baba na "haya" yake. Unaweza kukaa wiki unaitafsiri.

Basi asubuhi tukaenda pamoja, mimi na laptopu kwenye mfuko wa duka, yeye na funguo. Akafungua, akawasha taa ya stoo, akanisogezea kiti, akatoka. Nikajipanga. Mgongoni kwangu mahameli nyekundu, kushoto atlasi za maharusi, kulia zile lesi zinazonipigisha chafya. Mwalimu Inés alipotokea kwenye kioo, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvaa miwani akaangalia nyuma yangu.

Shairi lilienda. Lilikuwa soneti, ule utungo wao wa mistari kumi na minne, na linazungumzia saa ya mchanga. Nilieleza vina nikamtania kidogo kwamba sisi Waswahili na vina ni ndugu wa damu. Akatabasamu.

Halafu picha.

Meza. Basi, meza tu. Nyuma giza. Kitambaa cheupe kinashuka kwa mbele, mkate umekatwa, glasi ina kinywaji nusu, ndimu imemenywa ganda likaachwa linaning'inia, kisu kimelala pembeni. Hakuna mtu.

Kichwa changu kikakimbilia kule kule. Cheupe, usafi. Ndimu, uchungu wa dunia. Nikafungua mdomo, na wallahi nikausikia mgongo unaanza safari ya mbele na nyuma. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Nikajiambia, we Muna, angalia. Angalia kama mteja kakuletea kitambaa anataka umtafutie kama hicho.

Ndipo nikaiona mikunjo.

Kile kitambaa kilikuwa na alama za kukunjwa. Mstari wa kwenda juu, mstari wa kukatisha, mraba mraba. Mchoraji kazichora moja moja, kwa subira, kama ndizo alizokuja kuchora. Nani anachora mikunjo? Mtu akitaka uzuri si angeinyoosha? Lakini mimi nimekunja vitambaa tangu sijui kusoma. Mikunjo ile haiji kwenye kitambaa cha kila siku. Inakuja kwenye kitambaa kilicholala. Mama anacho cha kwake, kiko chini kabisa ya sanduku pamoja na udi, hakitoki mpaka Idi au mgeni wa heshima. Kikitandikwa, siku nzima kinabaki na mraba wake, na kila anayeingia anajua leo kuna mtu.

Nikamwambia hivyo. Kwa Kihispania changu cha kuchechemea nikamwambia, hiki si kitambaa cha kila siku, kimetolewa sandukuni leo, nyumba hii ina mgeni.

"Mgeni yuko wapi?" akauliza.

"Ameondoka sasa hivi."

"Umejuaje?"

Nikasema, kwa sababu hawajaondoa vyombo. Kwetu mgeni akiaga, hugusi sahani wala hukunji kitambaa mpaka awe amekata kona. Ukiondoa mapema ni kama umemfagia. Neno la "kukata kona" likanitoka kichwani, nikamwonyesha kwa mkono, mkono ukagonga lesi, nikapiga chafya. Hakucheka. Alikuwa ameinama karibu na kioo.

Basi nikaendelea, wala sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema vitabu vinatuambia picha hizi zinahusu kifo, na mimi nakubali, lakini hapa hakuna fuvu. Hapa kuna ile nafasi ndogo kati ya mgeni kuondoka na kitambaa kukunjwa. Kuna mtu hatumwoni, amesimama mlangoni, anamtazama anayekwenda, na kwa sababu hajarudi ndani, meza bado iko kama ilivyo. Nikamwambia siku Twaha alipokwenda Maskati, Mama aliiacha meza yake mpaka kesho yake. Chai imeganda utando juu. Tukimwambia tuondoe, anasema, bado hajafika.

Nikaishia hapo. Nilikuwa sijapanga kumtaja Twaha. Nilikuwa sijapanga chochote.

Mwalimu Inés akavua miwani, akaniuliza maswali mawili matatu kuhusu mwanga na giza, nikajibu ninavyojua. Akashukuru. Matokeo, akasema, yatakuja leo leo kabla ya jioni. Kioo kikazima.

Nikakaa pale nimekumbatia jora la mahameli kama mto. Halafu nikashtuka.

Kimya.

Jumamosi, Kariakoo, asubuhi ile, na dukani kwetu hakuna sauti. Hakuna "dada hii bei gani", hakuna mkasi. Huko mbali tu nasikia spika za machinga na honi za maguta. Nikatoka stoo, dukani giza. Mlango wa chuma umeshushwa mpaka karibu na chini, mwanga unaingia kwa chini kama, eh, kama zile zile picha zangu.

Nikauinua kidogo, nikachungulia. Baba amekaa nje kwenye kigoda, katikati kabisa ya mlango, mikono magotini, kikombe cha kahawa chini kimepoa.

Kabla sijasema neno, Ami Salimu akanidaka kutoka dukani kwake.

"We binti! Umemfanya nini baba yako? Kamrudisha mteja wa kwanza!"

Asiyekulia dukani hataelewa. Mteja wa kwanza harudishwi. Huyo ndiye anayefungua riziki ya siku. Akiwa hana pesa ya kutosha unampunguzia, akitaka mita moja ya bitana unamkatia kwa tabasamu, hata ukauza kwa hasara, lakini hatoki mikono mitupu, maana akitoka hivyo siku yote imefungwa. Baba ni mkali kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Mimi mwenyewe niliwahi kugombezwa mpaka nikalia kwa sababu mteja wa kwanza alitoka akinunia bei niliyomtajia.

Na huyu wa leo, Ami Salimu akahadithia kwa mikono yote, hakuwa mtu wa bitana. Alikuwa shangazi wa bi harusi kutoka Buguruni, kaja na orodha ya sare za ukoo mzima. Kasimama pale mlangoni. Baba kamwambia hatujafungua. Mama wa watu kasema nitasubiri, si dakika tano tu? Baba kamwambia hapana dada yangu, si dakika tano, ndani kuna mtu anafanya mtihani. Akamnyooshea kidole duka la mkabala. La mkabala! Wale ambao Baba huwa anasema vitambaa vyao vikifuliwa mara moja vinakuwa vitambaa vya mwanasesere.

Kwanza nikakasirika, sijui kwa nini. Mimi nikiguswa sana huwa naanzia na hasira.

"Baba, kwa nini? Ningeweza. Nilijiandaa na kelele."

Baba hakunyanyuka. Aliangalia barabarani kule kule.

"Ulikuwa unasema," akasema. "Nilikuwa nasikiliza."

"Kihispania, Baba?"

"Sikuelewa hata neno. Lakini mimi nimekaa dukani maisha yangu yote, najua sauti ya mtu. Mara ile ulikuwa unahifadhi. Leo ulikuwa unauza."

Ami Salimu akaguna. Anayejua baba yangu anajua kwamba neno hilo ndilo kubwa kuliko yote aliyonayo. Kuuza, kwa Baba, si kumtoa mtu pesa. Ni kumwekea kitambaa mikononi mpaka akione wewe unavyokiona.

Akaniuliza kuhusu matokeo. Nikamwambia bado, mpaka baadaye. Akanywa ile kahawa ya baridi, akakunja uso.

"Yakija mabaya, utarudia."

"Lakini ulisema mara moja tu, Baba. Ulisema nikianguka nashuka dukani."

"Nilisema. Na sasa nasema hivi. Inua mlango, watu wanunue."

Nikauinua. Machozi yakanitoka huku nasukuma chuma juu, na Ami Salimu, Mungu ampe heri, akajifanya anapanga fimbo za mapazia.

Nimeshinda dukani mpaka alasiri. Wateja walikuja, kama kawaida ya Jumamosi, sikuona riziki iliyofungwa. Simu niliiweka kwenye mfuko wa abaya, kila ikitetemeka naichomoa, kumbe ni makundi ya harusi na mtu anauza viazi. Ujumbe wenyewe ulipoingia, nilikuwa nimepanda ngazi natafuta satini ya kijani. Nikausomea huko huko juu.

Nimefaulu.

Siyo kwa alama za kupigiwa vigelegele. Wamenikata kwa sarufi, na wamenikata kwa haki, maana nilivyomtesa yule mama na vitenzi vya wakati uliopita Mungu ndiye anajua. Lakini chini Mwalimu Inés kaandika kwamba amefundisha picha ile kwa miaka mingi na hakuwahi kuuliza kitambaa kilitoka wapi, na kwamba angependa mwaka ujao niandike insha yangu kubwa juu ya vitambaa kwenye picha za Baroko. Nikausoma ujumbe tena. Nikausoma mpaka mteja chini akaniuliza kama satini nimeikosa au nimelala.

Baba alikuwa mezani anapima. Nikashuka, nikamwambia sikioni, nimepita Baba. Akasema Alhamdulillahi, hakuinua kichwa, mkasi ukaendelea. Mteja alitaka mita tano. Nikaona mkono unapita alama ya tano, unakwenda, unakwenda. Akamkatia sita. Baba, ambaye hajawahi kukosea pima tangu nimfahamu. Mteja akaona, mimi nikaona. Baba akakunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa duka, akamtakia harusi njema.

Nikashika meza nicheke au nilie, nikashindwa kuchagua.

Jioni hii Mama kapiga kigelegele kimoja cha dirishani mpaka mafundi wa zege wakaangalia juu. Twaha kapigiwa simu Maskati, anataka nimtumie ile picha ya meza. Sijamwambia kwamba nilimtaja. Nitamwambia, ila siyo leo.

Na nyie wa humu bloguni, niwaambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Tangu Baba aseme yale ya mara moja tu, nimekuwa naitunga, bafuni, jikoni, nikikunja nguo. Ya kumpigia nikianguka. Ilikuwa kali! Ilianza kwa adabu, "Baba, kwa heshima zote," halafu inapanda, inapanda, inafika kwa Twaha aliyeruhusiwa kwenda alipotaka, inafika kwamba mimi si jora la kuwekwa shelfuni, na mwisho wake ni mimi natoka nabamiza mlango. Nilikuwa mpaka najua nitabamiza upi. Nilikuwa naipenda hotuba ile. Siku nyingine nilikuwa naacha vitenzi naenda kuinoa yenyewe.

Leo yule baba niliyemwandalia hotuba hakutokea. Aliyetokea kakaa kigodani nje ya duka lake mwenyewe, kafunga riziki yake kwa mkono wake, na hakuniambia.

Sasa hotuba ninayo, mlango upo, na mtu wa kumpigia hayupo. Mwaka ujao kuna insha, kuna mitihani, kuna vitenzi vile vile. Duka halinizuii tena. Baba hanizuii tena.

Nikianguka sasa, nitamsingizia nani?